Killarney, Kenmare au Glendalough: niwapeleke wapi wazazi?

Binti_Pangani
Habarini wakuu. Wazazi wangu wanakuja Manchester mwezi wa sita kutoka Tanga, na baba amekazania kuona maziwa na milima ya Ireland. Nimebakiza sehemu tatu: Killarney, Kenmare, na Glendalough iliyo karibu na Dublin. Magoti yanamsumbua mama, vilima havipandi. Mimi siendeshi gari. Mliofika huko naomba mnilinganishie.

Mzee_wa_Reli
Binti yangu, kama huna gari, Kenmare iondoe. Treni zilikoma kufika pale mwaka 1960. Killarney bado ina stesheni yake, tena mjini kabisa. Unapanda Dublin Heuston, mara nyingi unabadilisha Mallow, na baada ya saa tatu na kitu umefika. Glendalough si mji, ni bonde lenye maziwa mawili na magofu ya monasteri ya Mtakatifu Kevin, pamoja na mnara wa mviringo wa mita 30 hivi. Kuna basi kutoka Dublin, na asubuhi hadi jioni inatosha.

Msafiri_Polepole
Naitetea Kenmare. Killarney wakati wa kiangazi imejaa mabasi ya watalii, na bei za vyumba hupanda sana. Kenmare imetulia, iko kando ya ghuba, ina chakula kizuri, na rasi ya Beara unaianzia pale pale. Akipatikana ndugu wa kuendesha gari, mambo yamekwisha: huko wanapita kushoto kama kwetu.

Mkaazi_Cork
Msafiri, utulivu wa Kenmare siubishii. Ila swali la dada ni la mama mwenye magoti mabovu, na hapo Killarney haina mshindani, kwa sababu hifadhi inaanzia ukingoni mwa mji. Ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza ya Ireland. Ilianza mwaka 1932, shamba la Muckross lilipotolewa zawadi kwa taifa, na kuingia hulipi kitu. Kuna vigari vya farasi vinavyochukua abiria mjini hadi kasri la Ross, au Muckross House, jumba la mwaka 1843 lililo karibu na ziwa. Mama atakaa tu, ameshikilia blanketi, huku mwendeshaji akimsimulia habari za kila mti. Hao waendeshaji ni wasemaji hodari! Makubalianeni bei kabla ya kupanda. Akiangalia vizuri kwenye majani ataona kulungu wekundu, ambao ni wa asili ya hapo hapo.

Maziwa ni matatu, na kubwa kuliko yote ni Lough Leane. Baba mpeleke Gap of Dunloe, njia inayopita katikati ya milima. Ni kama kilomita 11 za kutembea, au kwa kigari cha farasi, halafu unapanda boti inayovuka maziwa yote matatu mpaka kasri la Ross. Kwangu hiyo ndiyo siku bora kuliko zote za Kerry, yaani jimbo lenye Killarney. Boti hazina paa, kwa hiyo koti la mvua ni lazima hata jua likiwaka, maana mawingu ya Atlantiki hukwama kwenye milima ile. Carrauntoohil, mlima mrefu kuliko yote Ireland, una mita 1,038. Mzee auone kwa mbali, kuupanda ni shughuli nyingine.

Shangazi_Leicester
Mwanangu, kabla hamjabishana mambo ya boti: wazazi wana pasipoti ya Tanzania? Viza ya Uingereza haiwaingizi Ireland, na ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, pia haifai. Wanahitaji viza ya Ireland yenyewe, na waiombe mapema wakiwa bado nyumbani. Nimeona watu wakirudishwa uwanja wa ndege na tiketi mkononi, inauma. Jambo lingine, mwezi wa sita Kerry jua huzama karibu saa nne usiku. Kama wanaswali, Magharibi itakuwa saa hizo, na Isha usiku mkubwa. Pangeni chakula na usingizi kwa hesabu hiyo.

Binti_Pangani
Shangazi, Mungu akubariki, la viza sikulijua kabisa. Nimeshampigia baba aanze kuomba. Basi tunalala Killarney, na Glendalough tutaipitia siku moja tukiwa Dublin. Mkaazi_Cork, kwenye Gap mama afanyeje? Kigari hakitamtikisa?

Mkaazi_Cork
Kitamtikisa, barabara ile ina mabonde na kona kali. Siku hiyo baba aende peke yake, asubuhi, na nafasi ya boti mwiwekee kabla. Wewe na mama chukueni teksi hadi maporomoko ya Torc, yana mita 20 hivi na kutoka maegesho ni hatua chache. Kisha mkampokee baba kasri la Ross boti ikitia nanga.