Subaru STI iliyoshushwa inagota kwenye matuta: nianze na springi au shokapu?

Mdau wa Mikindani:
Habari zenu, wakuu. Nina Subaru Impreza WRX STI ambayo mmiliki wa awali aliishusha kwa springi fupi, na kila ninapokwenda Lindi inagota kwenye matuta hadi abiria wa nyuma wanalalamika. Nianzie wapi?

Fundi wa Masasi:
Ndugu, anza na springi. Springi fupi huipunguzia shokapu nafasi ya kushuka, hivyo hata ukifunga mpya itaendelea kuupiga mpira wa kugotea. Rudisha springi za kiwandani, kisha badilisha shokapu kwa jozi, kushoto na kulia. Bolti za bushi (mipira ya kwenye maungio ya chini ya gari) zikazwe gari likiwa limekanyaga chini, si likiwa juu ya jeki, la sivyo mpira hubaki umejipinda na kuchanika mapema; mafundi wengi hulipuuza hili.

Dereva wa Lindi:
Kama rimu ni za inchi 18, weka za 17 zenye tairi nene zaidi. Usiweke ndogo kuliko 17, breki kubwa za Brembo hazitaenea ndani ya rimu. Mwishoni kapime alaimenti (mkao wa magurudumu).

Mdau wa Mikindani:
Nashukuru. Springi za awali zipo stoo. Nitazikagua kutu kwanza, maana chumvi ya pwani haina huruma.