OCS wetu wa zamani, mkuu wa kituo cha polisi, ametutoka: aliyekutana naye aseme, tupeane uzoefu

Kijana wa Korti
Poleni watu wa Eastlands. Mliokaa huku kwetu kabla ya hizi gorofa kujaa mnamkumbuka OCS yule aliyekuwa akitembea jioni kutoka steji hadi kituoni, hana bunduki wala mlinzi, kwapani gazeti, mkononi mkate. Alistaafu akarudi ushago, kijijini kwao. Ameaga dunia wiki hii. Kamati ya korti, yaani ya ua wetu wa nyumba hapa mtaani, imenitupia kazi ya kuandika maneno ya kusomwa siku ya mazishi, na nikishika kalamu naona nina mawili tu: huo mkate, na siku ya Nyumba Kumi.

Baada ya shambulio la Westgate, 2013, mpango wa Nyumba Kumi ulipoletwa, ule wa majirani kujuana ili kulinda usalama, watu wetu walisema waziwazi kwamba tunafanywa wapelelezi wa majirani. Mzee akaja, akakalia kreti ya soda. Hakuhutubia. Alimtaka kila mtu ataje jina la anayelala upande wa pili wa ukuta wake. Jameni! Baba mmoja aliyekuwa hapo tangu sijazaliwa akasema, "Yule wa gari nyeupe." Tulicheka, na hicho kicheko ndicho kilichoanzisha mkutano. Basi semeni. Jina lake nisiliweke, familia haijatangaza.

Dereva Mstaafu wa 58
Nilimkuta steji, saa kumi na mbili asubuhi. Makanga wangu alikuwa ametoka kumpa askari mmoja hamsini, ile ya kila siku, mnaijua. Hatukujua mzee amekaa kiti cha nyuma kama abiria. Akashuka polepole, akamwambia yule askari, "Mrudishie." Tu. Hamsini ikarudi imelowa jasho. Kesho yake askari hakuwepo, akaletwa mwingine. Huyo mwingine alianza na mia.

Shosh wa Mutindwa
😂😂 Mia! Mungu amlaze pema mzee wa watu.

Sina Machozi
Samahani kuwaharibia. Mnamlilia karao? Juni 25 2024, siku polisi walipowapiga waandamanaji risasi, mmeisahau mara hii? Mimi nilikuwa Kenyatta Avenue. Aliyekuwa hapo hawezi kukaa hapa kuandika sifa za polisi.

Kijana wa Korti
Huyu alikuwa amestaafu zamani, ndugu.

Sina Machozi
Ndiyo maana mnaweza kumpenda.

Wakili wa Makadara
Sina Machozi hajakosea kuuliza. Bunge lilipitisha sheria ya kuunda IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, 2011 kwa sababu polisi hawawezi kujichunguza wenyewe. Lakini na mimi nina langu. Nilikuwa bado mwanafunzi, mpwa wangu akashikwa kwenye msako wa Ijumaa jioni. Wanaojua wanajua kwa nini ni Ijumaa. Ibara ya 49 ya Katiba inasema ufikishwe kortini kabla ya saa 24 kwisha, ila zikiisha wakati korti imefungwa, unangoja siku ya korti inayofuata. Kwa hiyo ukibebwa Ijumaa jioni unaweza kulala ndani mpaka Jumatatu, na hapo ndipo mama anapouza simu yake.

Mzee huyu Ijumaa alikuwa akishika daftari la seli mwenyewe, anaita mmoja mmoja: wewe umefanya nini? Asiye na kesi anarudi kwao, mwenye kesi ndogo anapewa bondi. Nilienda na pesa mfukoni. Akaniangalia vibaya sana. "Bondi ni ahadi, kijana, hailipiwi. Dhamana ya pesa ndiyo ina malipo, na hiyo uidai risiti." Maneno hayo nimeyatumia kwa wateja mpaka leo.

Mama Landi
Umetaja seli nikakumbuka yangu, ambayo watu wa korti wanaijua nusu nusu. Acheni niimalize leo.

Ilikuwa Mei 2020, wakati wa korona, kafyu ya saa moja usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri. Nairobi ilikuwa imefungwa tangu Aprili 6, hatoki mtu haingii mtu, na mume wangu alikuwa amekwama upande wa Machakos. Uchungu ukanianza saa nne usiku. Mwenye boda akakataa, mwenye teksi akazima simu. Sikuwalaumu, siku zile tulikuwa tumeona watu wakipigwa mpaka mlangoni kwao. Jirani yangu akamwamsha kijana anayetuletea maji. Akatoa mitungi kwenye mkokoteni, wakatandika godoro la mtoto, nikalala chali naangalia nyaya za stima.

Hatukufika mbali. Pale kwenye makutano, tochi machoni. Askari watatu au wanne. Jirani yangu akapiga kelele, "Ni mgonjwa! Anazaa!" Hakuna aliyesikia, au walisikia. Walianza na kijana. Mkokoteni una magurudumu mawili, mtu akiuachilia unaenda nyuma. Nilihisi kichwa kinashuka, miguu inapanda, nikashika mbao za pembeni na maji yakapasuka papo hapo. Nilichokuwa nikisikia ni rungu tu, na yule kijana akisema "afande, afande, afande" kama anahesabu. Huo ndio wakati mbaya kuliko yote. Kuzaa kwenyewe kulikuja kuwa nafuu.

Kisha Land Rover. Akashuka mzee, hata koti hajafunga. Hakupiga kelele. Aliwaambia wale askari waniinue wao wenyewe, kwa mikono ileile. Tukaenda na konstebo mmoja mwanamke, binti mdogo. Lengo lilikuwa hospitali ya uzazi ya Pumwani. Mtoto hakungoja Pumwani. Yule binti alikuwa anatetemeka kuliko mimi. Mzee akasimamisha gari kando ya Jogoo Road, akashika tochi juu ya bega la binti huku yeye amegeuzia uso barabarani, anamwelekeza: shika kichwa, usivute. Baadaye niliambiwa ana watoto sita.

Siku ya tatu nilienda kituoni kushukuru. Akafungua OB, daftari la matukio la kituo, akanionyesha. Alikuwa ameandika saa, mahali, mtoto wa kiume, ndani ya gari la serikali. Na chini yake, yale ya mkokoteni, na nambari za wale askari. Alikuwa ameshamwita yule kijana ampe fomu ya P3, ile daktari anajaza majeraha ya aliyepigwa. Kijana hakuirudisha. Nilimbembeleza, mzee alimbembeleza. Akasema, "Mama, nitaendelea kuuza maji mtaa huu huu." Alihama mwaka uliofuata.

Shosh wa Mutindwa
Nimelia kwenye matatu.

Fundi Redio
Mtoto anaitwa nani???

Bob wa Jericho
Mwite Land Rover.

Fundi Redio
Ila Mama Landi, 2020 polisi hawakuwa tena na Land Rover. Zilikuwa Land Cruiser za kukodi.

Bob wa Jericho
Vituo vingine vilibaki na zile kuukuu. Mlango wa nyuma ulifungwa kwa kamba.

Fundi Redio
Mimi nimezitengeneza, usinifundishe.

Mama Landi
Wanaume nyinyi. Nilikuwa nazaa, sikusoma nembo ya gari. Mtoto yuko shule, ana jina la babu yake, na la mzee ni la pili.

Sina Machozi
Nimesoma mara mbili. Mama pole sana. Lakini hebu tazameni, wale waliokuwa na rungu walifanywa nini?

Mama Landi
Wawili walihamishwa. Zaidi ya hapo sijasikia.

Sina Machozi
Haya.

Mzee wa Mabati
Huyu mnayemsema nafikiri namjua kabla yenu. Januari 2008, vurugu za baada ya uchaguzi, moto kila upande, alikuwa sajini kwenye mtaa wetu wa zamani. Vijana wa huku na wa kule walikuwa wamekaribiana kwa mawe, akasimama katikati ya barabara na redio yake mkononi, akaanza kuita kwa majina waliokuwa mbele. Mmoja mmoja. "Wewe, mama yako yuko mochari ama yuko nyumbani? Nenda ukamwangalie." Walirudi nyuma. Si wote, lakini usiku ule nyumba zetu hazikuchomwa. Mwanamume mrefu sana.

Kijana wa Korti
Mrefu? Wetu alikuwa mfupi, mzee.

Dereva Mstaafu wa 58
Mfupi kabisa. Kiti cha nyuma miguu haikugusa sakafu.

Mzee wa Mabati
Mimi nilikuwa nimelala mtaroni. Kila mtu alikuwa mrefu.

Wakili wa Makadara
Kijana, usiiweke hiyo mpaka uhakikishe na familia. Waulize alikuwa wapi 2008. Polisi wanahamishwa kila mara, inawezekana ni yeye na inawezekana si yeye.

Bob wa Jericho
Iweke tu. Nani atapinga mazishini?

Mama Pima
Mimi sitasema alikuwa malaika. Alinimwagia mitungi yangu yote ya chang'aa, mbele ya wateja, na muhula ule watoto wangu wawili walirudishwa nyumbani kwa karo. Nilimwambia, sheria ya 2010 si imeruhusu chang'aa? Akasema, "Imeruhusu yenye leseni, Mama. Leta leseni nitakuja kunywa." Leseni nitaitoa wapi mimi, na mtambo wangu ni pipa? Halafu jirani yangu aliyekuwa akiuza ile ya kupofusha watu hakuguswa kwa muda mrefu, sijui kwa nini. Huo ndio ukweli wangu. Lakini mwanangu aliponipiga, nilienda kwake, si kwa chifu wala kwa mchungaji. Alifunga mlango wa ofisi akanisikiliza mpaka giza likaingia. Pole kwa familia.

Shosh wa Mutindwa
Hii nayo isomwe.

Kijana wa Korti
Mama Pima, naweza kuitumia bila kukutaja?

Mama Pima
Ya mtoto iondoe. Ya mitungi ibaki.

Mwana wa Likoni
Nipo Nairobi kwa kazi tu, lakini ruhusa niseme. Wasifu wa marehemu husomwa na watu wa nyumbani kwake. Nyinyi wa mtaa mnaleta salamu za rambirambi, ziwe fupi, wala msimpangie miaka na vyeo. Na Mama Landi asimame mwenyewe, asisomewe.

Fundi Redio
Asisimame. Atalia, na waombolezaji watamalizia habari kwa kukisia. Iandikwe.

Mwana wa Likoni
Akilia si ni mazishini?

Bob wa Jericho
Mnisamehe kuingilia, mchango wa basi tutume kwa nani? Kuna nambari imezunguka kwenye grupu ya plot.

Kijana wa Korti
Nambari gani? Kamati haijatoa nambari yoyote.

Bob wa Jericho
Nimeshatuma mia tano.

Dereva Mstaafu wa 58
Umetapeliwa kwenye mazishi ya polisi, Bob. Nenda kituoni ukaandikishe, udai nambari ya OB.

Wakili wa Makadara
Nenda kweli, si mzaha. Na upige simu kwa kampuni ya laini yako sasa hivi, kabla pesa hazijatolewa.

Kijana wa Korti
Mchango ni kwa mweka hazina wa korti, mkononi, na anaandika kwenye daftari. Basi nitawaambia litatoka wapi tukishajua siku. Nimepata zaidi ya nilivyotarajia, tatizo sasa ni muda. Familia imesema watu wa mtaa wana dakika tatu.

Mama Landi
Tatu! Mimi peke yangu nilichukua saa mbili kumzaa.

Shosh wa Mutindwa
Na mchungaji naye kapewa ngapi?

Kijana wa Korti
Mchungaji hajaulizwa.