Mtaji milioni mbili: mashine kubwa, mashine ya kupanda nayo, au kamba na mkanda kwanza?

Mkwezi_Pongwe
Wakuu salaam. Nipo Tanga, kazi yangu ni kupunguza na kuangusha miti kwenye makazi ya watu: miembe, mikungu, mivinje, minazi mizee. Miaka sita natumia panga, shoka na mashine ya kuazima, ule msumeno wa mnyororo wa injini (chenso). Sasa nimejikusanya, nina milioni mbili na laki kidogo, na nimeshindwa kuamua:

1. Mashine kubwa ya mtumba, Stihl 070 ya wapasua mbao. Jamaa anauza, inawaka.
2. Mashine ndogo ya kupanda nayo, ile yenye mshikio juu.
3. Stihl MS 180 ya kawaida, yenye mshikio nyuma, na chenji ninunue kamba na mkanda wa kupandia.

Wiki ijayo nina mwembe umelalia upande wa nguzo za umeme na mteja ana haraka. Mwenye uzoefu anisaidie.

Baba Salma
Namba moja futa. 070 nimeibeba ujana wangu wote. Ni mashine ya kupasulia magogo yaliyolala chini, cc 105, na ukiifunga bar (ule upanga unaozungukwa na mnyororo) na mnyororo wenyewe inapita kilo 10. Nyingi hazina breki ya mnyororo. Ukiwa juu, robo ya juu ya ncha ya bar ikigusa tawi usiloliona, mashine inarushwa usoni kwako kabla hujapepesa. Yenye breki, mkono wa kushoto unasukuma ile ngao ya mbele na mnyororo unasimama. Isiyo nayo, kinachousimamisha ni wewe.

FundiMashine_Kkoo
Naunga mkono. Sasa 2 na 3. Watu hudhani ya mshikio juu ni nyepesi sana, kumbe MS 201 T, ambayo ni ya mshikio juu, na MS 180 zote zinacheza kwenye kilo nne hivi bila bar. Tofauti ni jinsi inavyokaa mkononi: ya mshikio juu inakaa karibu na mwili, unaigeuza vizuri ukiwa umening'inia. Na ubaya wake ndio huo huo, inakushawishi uishike kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika tawi. Wateja wangu wenye kovu mkono wa kushoto, karibu wote ni wa mashine hizo.

Bei: 201 T halisi ni zaidi ya mara mbili ya 180. Ukiikuta dukani kwa bei moja na 180, ujue ni feki.

Mchanganyiko: lita moja ya petroli kwa mililita 20 za oili ya tustroku ya Stihl wenyewe. Kama ni oili ya tustroku ya kampuni nyingine weka 40. Na kwenye mnyororo acheni kumimina oili chafu ya gari! Inaziba pampu, na ile inayorukia ngozi kila siku ni sumu.

Mpemba_Bristol
Yakhe, nafanya kazi hii Uingereza mwaka wa tisa sasa. Katika orodha yako naona mashine tatu, sioni msumeno wa mkono. Tafuta ule wa Kijapani uliopinda, unaokata ukivuta, unakaa kwenye ala pajani. Mimi natumia Silky. Tawi la unene wa kiwiko linakwenda kwa mivuto michache, na huna injini ya kuzima na kuwasha kila ukihama tawi. Kwenye kupunguza matawi, nusu ya siku yangu mashine inaning'inia tu kiunoni.

Kamba ndiyo itakula pesa yako, na iache ile ya manila. Hiyo inayoitwa manila madukani kwetu mara nyingi ni plastiki. Inayeyuka kwenye nyuzi 165 hivi, na fundo linaloserereka huku limebeba kilo zako linachemka kuliko unavyodhani. Poliesta inavumilia mpaka 250 na ushei. Kamba za kazi hii ni milimita 11 hadi 13, zimeandikwa EN 1891 A, kiwango cha Ulaya, maana yake haikatiki chini ya kilonewtoni 22, kama tani mbili na robo. Tena uifiche na jua na petroli.

Mkanda usichukue ule wa mafundi ujenzi wenye pete mgongoni. Ule ni wa kukudaka ukishaanguka, huwezi kuukalia ukafanya kazi. Unataka wa kukalia, wenye pete za kiunoni. Na ukiwasha mashine, uwe umefungwa mara mbili: kamba kuu, na mkanda mfupi kuzunguka shina. Kwa sababu moja ya hizo siku moja utaikata mwenyewe. Mimi nimeshaikata.

Huku sheria iitwayo LOLER, ya mwaka 1998, inataka vifaa vya kupandia vikaguliwe na mtu mwenye ujuzi kila miezi sita. Na hupandi peke yako: chini lazima awepo anayeweza kupanda akakushusha. Ukizimia ukabaki umening'inia bila kujitikisa, damu inatuama miguuni, na unazo dakika chache tu. Msaidizi wako anajua kupanda?

Mkwezi_Pongwe
Msaidizi ni shemeji yangu. Hajawahi kupanda hata mpera.

Lakini mkuu, mimi minazi nakwea kwa kitanzi cha miguu tangu utoto, sijawahi kuanguka. Na vile vyuma vya kuchoma shina, vinavyofungwa miguuni, vikoje?

Baba Salma
Ndiyo maneno ya kila mkwezi mpaka siku ile. Rafiki yangu alikwea mnazi wa ugonjwa wa kunyong'onyea, makuti yameisha, limebaki gongo. Kwa nje shina lilionekana zima. Lilikatika katikati naye juu yake. Mnazi uliokufa usiukwee, uangushe kutoka chini au ukodi gari la kreni.

Vyuma vya miguuni ni vya mti unaouondoa. Mwembe unaobaki usiuchome, kila tundu ni kidonda.

Kabla hujapanda mwembe, zunguka uangalie mashimo ya nyuki na majani yaliyoshonwa na majimoto, wale sisimizi wakali. Watu wanacheka, lakini majimoto wakiingia kwenye suruali na mashine inawaka mkononi, hucheki.

Njoro_Thika
Huku Kenya pawa-soo ni rahisi kupata, shida ni mtu akiumia. WIBA, sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini ya 2007, inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake, hata kama ni "kijana wa siku mbili". Na akifariki kazini, sheria ya usalama kazini ya mwaka huo huo inataka ofisi ya serikali ya usalama kazini, DOSHS, ijulishwe ndani ya saa 24, kisha kwa maandishi ndani ya siku saba. Mwanakandarasi mmoja alinyamaza akidhani familia imeridhika. Hawakuwa wameridhika.

Dada_Misitu
Kwa Tanzania: mwajiri anajisajili WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, mchango ni asilimia 0.5 ya mshahara. Shemeji akilipwa na wewe, ni mfanyakazi wako.

Mti: wa barabarani si wa mteja, hana mamlaka nao hata kama kivuli ni chake. Mvule, mpingo na mininga inalindwa na Sheria ya Misitu ya 2002, hata ikiwa kiwanjani kwa mtu pita TFS, wakala wa misitu, kwanza. Na magogo ukiyasafirisha bila TP, kile kibali cha kusafirishia, gari linazuiliwa.

Mpemba_Bristol
Na huo mwembe wa umeme? Tawi bichi linapitisha umeme vizuri tu. Mkanda wa shina wenye waya wa chuma ndani usiupeleke huko.

Mkwezi_Pongwe
Nimempigia mteja, nimemwambia siupandi mpaka TANESCO wazime laini na niwaone wenyewe wakizima. Amenuna, amesema ana vijana wengine.

070 nimeachana nayo. Nachukua MS 180, msumeno wa mkono, na kinachobaki chote kamba na mkanda. Shemeji ataanza na mpera wa nyuma ya nyumba.

FundiMashine_Kkoo
Ukinunua kamba tuma picha ya lebo ya mwisho wake kabla hujailipia.

Baba Salma
Na seti mbili za mkanda, mkuu. Atakushushaje yeye akiwa hana?