Excel inaganda kila nikihifadhi faili la stoo

MtunzaStoo
Wakuu, habari za kazi. Nina faili la stoo lenye shiti 3. Mistari yenye data ni kama 4,000 tu, lakini ukubwa umefika MB 38. Kufungua na kujaza hakuna shida. Balaa ni Ctrl+S. Dirisha linapauka, juu inaandika "Not Responding", na linakaa hivyo dakika kadhaa. Faili liko kwenye folda ya pamoja ya seva. Windows 10, Excel 2016 ya biti 32, RAM GB 4. Hesabu nimeziweka "Manual" (zisijikokotoe zenyewe) maana zilikuwa zinachelewesha kujaza. Halafu kwenye folda vimejaa vifaili vyenye majina kama 5C8E2A00. Ni virusi?

FundiMajedwali
Si virusi mkuu, hayo ni mabaki ya uhifadhi uliokatizwa. Excel haiandiki moja kwa moja juu ya faili lako. Inaandika faili la muda kwenye folda ileile, likikamilika inafuta la zamani na kulipa jipya jina lake. Ukiizima kwa Task Manager katikati, kifaili kinabaki. Hutokea pia pale akaunti yako kwenye seva inaporuhusiwa kuandika lakini hairuhusiwi kufuta. Msimamizi akupe "Modify", maana "Write" peke yake haitoshi.

Usivifute bado. Nakili kile cha karibuni, ongeza .xlsx mwishoni mwa jina, jaribu kukifungua. Mara nyingine kazi iliyopotea imo humo.

Kisha tenga tatizo kabla hujagusa mipangilio. Nakili faili hadi Desktop, lifungue kutoka hapo, badilisha seli moja, hifadhi. Likihifadhika haraka, angalia mtandao, ruhusa na antivairasi. Likiganda vilevile, ugonjwa umo ndani ya faili. MB 38 kwa mistari 4,000? Mimi nashuku faili.

BiFomula
Hata mimi. Kwenye kila shiti bonyeza Ctrl+End, inakupeleka kwenye seli ya mwisho ambayo Excel inaihesabu kuwa imetumika. Ukitupwa mstari wa milioni moja na ushee, mtu alivuta fomula au mipaka ya seli hadi chini kabisa, na Excel inaviandika vyote kila ukihifadhi.

Bofya namba ya mstari wa kwanza usio na data, kisha Ctrl+Shift+mshale wa chini, bofya kulia kwenye namba hizo, chagua "Delete". Kile kitufe cha Delete cha kibodi hakifai hapa: kinafuta yaliyoandikwa, mipaka na rangi zinabaki. Hifadhi, ndipo Ctrl+End irudi mahali pake.

Ukitaka kujua shiti gani ni nzito, chukua nakala, badilisha .xlsx iwe .zip, uifungue. Ndani ya xl/worksheets utaona ukubwa wa kila shiti. Picha ziko xl/media. Angalizo: sheet2.xml si lazima iwe shiti ya pili unayoiona chini.

Pitia pia "Conditional Formatting" (kanuni za kupaka seli rangi kulingana na kilichomo), "Manage Rules", uchague "This Worksheet". Kanuni hujizidisha kila mtu anaponakili na kubandika seli. Zifute zote, andika upya zile unazozihitaji, na kuanzia hapo bandikeni "Values" tu.

Kikokotoo
Mbona mmeruka hilo neno "Manual"? Nenda "File", "Options", "Formulas". Chini ya "Manual" kuna "Recalculate workbook before saving". Ikiwa na tiki, hesabu zote ulizoziahirisha zinafanyika pale pale unapobonyeza Ctrl+S.

Kipimo: badilisha takwimu, bonyeza F9 (inaiamuru Excel ikokotoe) bila kuhifadhi. Ikiganda, tatizo ni fomula. Tafuta OFFSET na INDIRECT, hizo hukokotoa upya kila mara hata kama data yake haijaguswa. SUMPRODUCT iliyopewa A:A inapitia seli zaidi ya milioni, ipe A2:A6000. Usikimbilie kuondoa tiki, faili litahifadhiwa na salio la zamani na mtu atatoa mzigo kwa salio hilo.

MtunzaStoo
F9 inapita haraka. Ila Ctrl+End kwenye shiti ya Mapokezi imenipeleka 1,048,570! Nimefuta, nakala ya Desktop sasa haifiki MB 1 na inahifadhika papo hapo. Nikiirudisha kwenye seva inasita kidogo.

FundiMajedwali
Safi. Hiyo ya seva jaribu Windows+R, andika `excel /safe` (inafungua Excel bila programu za nyongeza, yaani add-ins), hifadhi faili kwenye folda ileile. Kusita kukiisha, ingia "File", "Options", "Add-ins", chini chagua "COM Add-ins", "Go", uondoe tiki moja moja. Kukibaki, mwombe msimamizi aangalie rekodi za antivairasi ya seva wakati unahifadhi. Na kabla ya kuweka faili jipya juu ya lile la MB 38, hakikisha hakuna mwenzako aliyelifungua, halafu lile kubwa lipe jina jingine ulihifadhi pembeni hadi mlinganishe masalio.