Naomba ushauri: kikao cha chama na kongamano vimeangukia wiki moja
Hamjambo ndugu zangu. Nasoma uzamili wa isimu hapa Nairobi, na jioni nafundisha kwa mkataba. Wenzangu wa mkataba wamenichagua niwawakilishe kwenye chama cha wafanyakazi, kazi ninayoipenda kwa moyo wote. Malipo ya muhula uliopita hayajaingia hadi leo. Mwenzetu mmoja, mwanawe amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo.

Sasa kikao na uongozi wa chuo kimepangwa wiki ileile ninayotakiwa kuwasilisha makala Dar es Salaam. Nauli ya basi la kupitia Namanga nishalipa, na makala yenyewe ndiyo sura ya pili ya tasnifu yangu. Kazi za darasani nazo zinanisubiri.

Msimamizi wangu anataka niachane na chama hadi nihitimu. Hapo sikubaliani naye: Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na kushiriki shughuli zake. Ila naibu wangu bado mgeni, na mgeni huzungushwa kwa makaratasi mpaka akubali lolote.

Mliopitia haya, niombe kikao kisogezwe, ama niwasilishe makala kwa njia ya mtandao? Na msimamizi nimjibu vipi bila kumvunjia heshima?