Kuwaondoa wanaolala nje Dar: tutaje bei

Mleta mada: Wakuu, salaam. Jiji hili lina mazoea ya kusomba ombaomba. Operesheni ya 2016 wengi tunaikumbuka, na wakubwa zetu wanamkumbuka yule mzee maarufu wa zama za mkuu wa mkoa Yusuf Makamba, aliyekuwa akirudishwa Dodoma kisha anaonekana tena mjini. Gari, mafuta, posho za mgambo: zote fedha za umma, na hesabu yake sijawahi kuiona. Basi tuulize upande wa pili: kuwapa makazi ya kudumu kungegharimu kiasi gani?

Sisemei kila anayelala nje. Kijana anayebeba mizigo Kariakoo na kulala baraza la duka ana kwao. Nasemea wa miaka nenda rudi: mgonjwa wa akili, teja wa siku nyingi, mzee mlemavu. Marekani wana kipimo: mwenye ulemavu au maradhi ya kudumu, aliyekosa makazi mwaka mzima, au angalau mara nne ndani ya miaka mitatu zikijumlishwa zifike miezi 12.

Huko hoja inayopendwa ni kwamba nyumba inajilipa. Dennis Culhane na wenzake walichapisha utafiti wa New York mwaka 2002, wakifuatilia watu 4,679 wenye maradhi ya akili. Kila mmoja alikuwa akigharimu dola 40,451 kwa mwaka katika mabweni ya dharura, hospitali na magereza. Alipopata nyumba yenye huduma, gharama hizo zilishuka kwa dola 16,281, na nyumba yenyewe ilikuwa dola 17,277. Karibu zote zilirudi.

Hoja hiyo tusiiazime. Mtu wetu haigharimu serikali dola 40,000. Anayemlisha ni mama ntilie na muumini anayetoka swala ya Ijumaa. Hazina ikiuliza tutaokoa fedha za fungu lipi, tutabaki tunaangaliana. Heri tuseme wazi: ni gharama mpya, na bei yake ni hii.

Makisio yangu kwa mtu mmoja kwa mwaka: chumba cha sh. 50,000 kwa mwezi, 600,000. Chakula cha 3,000 kwa siku, 1,095,000. Afisa ustawi mmoja kwa watu 20, akigharimu milioni moja kwa mwezi, 600,000. Godoro, ndoo na vyombo, 200,000. Jumla 2,495,000. Watu 1,000 ni kama bilioni 2.5. Ipasueni.

Mlipakodi wa Tabata: Mwalimu analipa kodi ya nyumba kwa mshahara wake, halafu teja apewe chumba na ubwabwa? Ukifungua mlango huo, mabasi yatajaa kutoka mikoani.

Mama mwenye nyumba, Mbagala: Mwanangu, hujawahi kupangisha. Mimi nachukua kodi ya miezi sita mbele, na dalali anataka ya mwezi mmoja. Mtu huyo hana kitambulisho cha NIDA, hana mdhamini, mtaani hakuna wa kumwandikia barua. Akiunguza chumba, nimdai nani? Na wapangaji wengine wakihama?

Muuguzi: Mleta mada, hapo kwenye "gharama mpya" napinga. Kliniki ya methadoni, dawa ya kuwatibu mateja wa heroini, ilianza Muhimbili 2011, baadaye zikaja Mwananyamala na Temeke. Kwa kawaida mgonjwa anakuja kila siku, anakunywa dozi muuguzi akimtazama. Asiye na pa kulala anarudi maskani kulekule kwa wauzaji. Akiacha, tumepoteza fedha zote zilizomtibu. Halafu kuna mgonjwa aliyepona asiye na ndugu wa kumchukua. Anabaki wodini, bili inaandikwa msamaha. Msamaha nao unalipiwa, ila hauonekani kwenye fungu lenye jina lake.

Mleta mada: Dada muuguzi, nakubali kwa kundi lako, si kwa wote. Kanada walijaribu kuwapa nyumba wasio na makazi wenye maradhi ya akili, 2009 hadi 2013, miji mitano, watu kama 2,000. Kila dola 10 zilizowekwa zilirudisha 9.60 kwa wenye mahitaji makubwa, lakini 3.42 tu kwa wenye mahitaji ya wastani. Kwa asilimia 10 waliokuwa ghali kuliko wote, zilirudi 21.72. Kwa hiyo tuanze na wa kwako.

Mama, nimeongeza asilimia 10 ya uharibifu na dalali: milioni 2.74 kwa mtu.

Ndugu wa Tabata, hakuna mtu atakayejipatia kichaa ili apewe chumba Mbagala.

Mlipakodi wa Tabata: Kichaa hapana, lakini orodha itapikwa. Tuliona TASAF, mfuko wa serikali wa kaya maskini, wasiostahili wakaingia. Nani atathibitisha huyu kalala nje mwaka mzima?

Muuguzi: Rejista ya kliniki. Jina linatiwa alama kila siku; huwezi kulipika ukiwa umekaa kwako.

Mlipakodi wa Tabata: Hiyo ya methadoni sawa. Na mzee mlemavu asiye na kliniki?

Mleta mada: Hapo sina rejista. Afisa ustawi itabidi apite usiku, tena zaidi ya mara moja, na mafuta yake sikuyaweka.

Mama mwenye nyumba, Mbagala: Yaweke. Mimi chumba kimoja nitatoa kwa kujaribu: kodi ya miezi sita mkononi, na namba ya huyo afisa inayopokelewa hata saa nane usiku.