Jukwaa jipya: watu wanajisajili lakini hawaandiki. Nifanyeje?

Fundi_Mnyororo:
Wakuu, salaam. Nina jukwaa la ukarabati wa baiskeli, lina wiki sita tangu lifunguliwe. Waliojisajili ni 74, wanaoandika ni watatu, mimi nikiwamo. Nimeweka vyumba 18: breki, gia, magurudumu, fremu, baiskeli za umeme, salamu na kadhalika. Kila asubuhi nafungua mada mpya, hazipati jibu. Nafikiria kutoa zawadi kwa atakayeandika zaidi mwezi huu, au kufungua akaunti nne tano za bandia zichangamshe mambo. Naombeni ushauri.

Kinara:
Mkuu, hesabu hiyo isikuvunje moyo. Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, alieleza kanuni ya 90-9-1: kati ya watu 100 wa jamii ya mtandaoni, 90 husoma tu, 9 huchangia mara mojamoja, na 1 hubeba sehemu kubwa ya mazungumzo. Ni makadirio, lakini kwa watu 74 asilimia 1 haifiki hata mtu mmoja. Hao wawili wanaoandika pamoja nawe ni mali, watunze.

Kinachokuumiza ni vyumba 18. Mgeni akiingia anakuta safu nzima ya "mada 0, mada 0", anajua hapa hapana watu, anaondoka. Bakiza viwili tu: "Maswali ya ufundi" na "Mengineyo". Mada za vyumba vingine zihamishe, usizifute, maana kuna viungo vinavyoelekea huko. Chumba kipya kifungue pale mada za aina moja zinapozidi hadi zinawasumbua wengine, tuseme kumi hivi kwa mwezi.

Halafu tazama mada zenyewe. "Tujadili breki" haijibiki, mtu hajui aanzie wapi. Linganisha na hii: "Breki ya diski inapiga mluzi baada ya kubadili pedi. Rota (diski yenyewe) nimeifuta kwa spiriti, kaliper (kibanio cha pedi) nimeinyoosha, bado. Nini kinafuata?" Mwenye ujuzi akisoma hapo vidole vinamwasha, kwa sababu ameona kilichorukwa: pedi mpya hazijazoeshwa rota kwa kufunga breki taratibu mara ishirini hivi. Kila unapofungua mada, iachie upenyo wa namna hiyo. Ukiuliza na kujibu humohumo, mwenzako aingilie wapi?

Seva_Usiku:
Naongezea upande wa mitambo, maana watu hukesha wakitafuta wanachama kumbe mlango umefungwa.

Chukua simu, fungua kivinjari katika hali ya faragha, jisajili kwa anwani mpya ya barua pepe. Hesabu hatua hadi bandiko lako la kwanza lionekane. Barua ya kuthibitisha usajili ikiangukia kwenye taka, hapo ndipo wengi wanapotelea. Rekodi za SPF na DKIM, zinazothibitisha kwamba barua kweli imetoka kwako, ziwepo kwenye kikoa chako (jina la tovuti yako), na anwani ya mtumaji iwe ya kikoa hichohicho. Rekebisha pia taarifa za "umejibiwa", kwani mtu asiyejua kwamba amejibiwa harudi.

La pili, kagua kama mipangilio haijazuia injini za utafutaji. Wakati wa kujenga tovuti wengi huweka "noindex", yaani agizo la kuziambia injini hizo zisiorodheshe kurasa, kisha wakasahau kuitoa. Mlango wa jukwaa lenye afya huwa ni swali fulani la mtu fulani, si ukurasa wa mbele, na wageni wengi huingilia huko.

La tatu: kama kila bandiko la mgeni linasubiri idhini yako, na wewe umelala, basi kesho yake hayupo. Wachache mlivyo, ruhusu waandike papo hapo, zuia viungo tu. Discourse, programu ya kuendeshea majukwaa, kwa mfano, ina hali maalumu ya kuanzia inayolegeza masharti kwa wanachama wapya hadi wafike 50.

Mlezi_wa_Uzi:
Zawadi achana nayo kabisa, ndugu yangu. Ukilipa idadi utapata idadi: "asante", "nzuri sana", "naunga mkono" mara mia, na hao wawili wazuri watakimbia kelele.

Akaunti za bandia pia hapana. Watu hutaja Reddit, tovuti ya watu kubandika viungo na kuvijadili, na ni kweli waanzilishi wake mwaka 2005 walijaza ukurasa kwa majina ya kubuni, wamekiri wenyewe. Lakini wao walikuwa wanaweka viungo. Wewe utajiuliza na kujijibu, mtindo wa uandishi utakuwa mmoja, na fundi mzoefu atakugundua. Akishagundua haamini tena hata jibu la kweli.

Nguvu hiyo ipeleke kwenye jibu la kwanza. Swali la mgeni lisipitishe siku bila jibu la maana. Kama huna jibu, uliza kinachokosekana: meno mangapi, mnyororo wa spidi ngapi, picha iko wapi? Kisha mwite kwa jina la akaunti mwanachama anayejua eneo hilo.

Fundi_Mnyororo:
Vyumba nimeshavipunguza. Barua ya uthibitisho kweli ilikuwa inaingia kwenye taka, nashukuru sana Seva_Usiku. Sasa wapya niwapateje?

Kinara:
Mmojammoja. Orodhesha watu 20 ambao tayari hujibu maswali ya baiskeli kwingineko. Wanaojibu, si wenye wafuasi wengi. Kila mmoja mwandikie ujumbe wake mwenyewe, utaje jibu lake ulilolisoma, umwekee kiungo cha swali moja lililo wazi kwako linalomfaa. Usimwambie "karibu ujiunge", mwambie "kuna mtu amekwama na gia iliyo ndani ya kitovu cha gurudumu, wewe uliieleza vizuri". Tuma watatu wanne kwa siku, uweze kuwapokea wakiingia. Usibandike tangazo kwenye majukwaa ya wengine bila idhini ya wasimamizi wake, utafungiwa na jina litachafuka.

Anza na swali la ule mluzi wa breki.